Magoti ya Wazazi Wetu: Tusiwakalishe, Tutembee Nao

Katika desturi zetu, mzee akilalamika magoti huletewa kiti. Mtoto huambiwa amtekee maji, mkwe hupokea jembe, na wajukuu hukatazwa kumsumbua. Hayo yote hufanywa kwa mapenzi, wala hapana awezaye kuyalaumu. Lakini leo, ndugu wasomaji, hatuna budi kusema neno ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu: mapenzi ya namna hiyo yakipita kiasi humpokonya mzee miguu yake upesi kuliko ugonjwa wenyewe.

Hatusemi haya kwa kusikia, bali tuliyatenda kwa mikono yetu. Kazi yetu ya kila siku ni kueleza habari za jeshi kwa wananchi, na si utabibu. Hata hivyo tumeona vema tutoke kidogo katika mpaka wa kazi hiyo, ili kosa tulilolifanya nyumbani kwetu lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Mama yetu mzazi anakaa katika vilima vya Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Wanaozifahamu sehemu zile wanajua kwamba njia ya tambarare ni adimu: maji yako bondeni, nyumba iko ubavuni mwa kilima, na mashamba yamekatwa matuta kama ngazi, moja juu ya jingine. Mwanamke wa huko hupanda na kushuka tangu utoto hadi uzee. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 62, mama alianza kuumwa goti la kulia, hasa anapoteremka. Baadaye la kushoto likafuata. Asubuhi viungo vilikakamaa kwa dakika kumi hivi, kisha vikalegea. Alipoinuka mkekani, aliyekaa karibu alisikia goti likilia.

Sisi watoto wake tulikutana, tukachanga fedha. Tukamnunulia kiti kizuri chenye mito, tukaajiri kijana wa kuteka maji, na shamba tukawaachia jamaa. Tukamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Kisha tukarudi makazini kwetu tukiwa na furaha ya watoto waliotimiza wajibu.

Mwezi wa Desemba 2021 tulipopata likizo tulimkuta pale pale kitini. Mapaja yaliyokuwa yakihimili gunia la viazi yalikuwa yamenywea, na mwili ulikuwa umeongezeka uzito. Choo, ambacho ni hatua thelathini tu nyuma ya nyumba, kilikuwa safari ya kushikwa mkono. Kanisani alikuwa haendi tena, wala misibani. Na magoti, ambayo ndiyo tuliyotaka kuyaponya, yalimuuma kuliko zamani. Jioni moja alitutazama akauliza, "Wanangu, mlininunulia kiti, au mlininunulia engozi?"

Kwa msomaji asiyeijua, engozi ni machela ambayo watu wa Kigezi humbebea mgonjwa kutoka mlimani mpaka barabarani. Viko vyama vya wanakijiji vya kubebana hivyo, na vimeokoa maisha ya wengi. Lakini engozi ni ya mtu asiyeweza kwenda kwa miguu yake. Mama alikuwa anatuuliza kama tumekwisha kumhesabu miongoni mwa hao.

UGONJWA HUU NI UPI?

Watu wengi huita kila maumivu ya viungo "baridi yabisi". Madaktari hutofautisha. Uko ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyake, navyo huvimba na kukakamaa kwa muda mrefu kila asubuhi. Huo una dawa zake maalumu. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa ni mwingine, nao huitwa osteoathraitisi. Hupenda zaidi magoti, nyonga, uti wa mgongo na vidole vya mikono. Ncha za mifupa inapokutana zimefunikwa kwa gegedu, kitu laini chenye utelezi. Katika ugonjwa huu gegedu hupungua na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake hubadilika na kuota vijipembe, na misuli inayokishika kiungo hulegea.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nao, na goti ndilo lililoshambuliwa zaidi, kwa watu wapatao milioni 365. Wanawake huupata kuliko wanaume. Umri huuchangia, na vilevile uzito wa mwili, urithi, kazi za kupiga magoti na kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi, na majeraha ya zamani. Sisi wanajeshi tunalijua hilo la mwisho: kijana anayeumia goti mpirani au mazoezini akiwa na miaka ishirini yumo katika hatari ya kuja kulilalamikia akiwa na hamsini.

Wananchi husema goti "limesagika", na neno hilo ndilo lililotupotosha. Beringi ya gari ikisagika, fundi mwenye busara hukuambia uegeshe gari, maana kila mwendo utaimaliza. Basi nasi tukamwegesha mama. Lakini goti si beringi. Gegedu ni kitu chenye uhai, ila halina mishipa ya damu ya kulilisha. Chakula chake hukipata katika ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapobanwa na kuachiliwa, mfano wa sponji ndani ya maji. Kiungo kisichotembezwa hukosa riziki yake. Tena misuli ya paja ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua. Ikinyong'onyea, kishindo chote huangukia goti. Hivyo mgonjwa huacha kutembea kwa sababu ya maumivu, misuli hudhoofika kwa sababu ya kutotembea, na maumivu huzidi kwa sababu ya udhaifu huo. Huo ndio mduara ambao kiti chetu kilimfungia mama ndani yake.

ULIMWENGU UMEJIFUNZA NINI?

Wako waliodhani dawa ni kulifungua goti na kulisafisha. Mwaka 2002 madaktari wa mji wa Houston, Marekani, walitangaza jaribio walilolifanya kwa wagonjwa 180. Baadhi walioshwa kiungo kwa ndani, wengine walikwanguliwa gegedu lililoharibika, na kundi la tatu walichanjwa ngozi tu bila kuguswa kiungo, baada ya wote kukubali kwamba hawatajua wamefanyiwa lipi. Walifuatiliwa kwa miaka miwili. Waliooshwa na waliokwanguliwa hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wale waliochanjwa ngozi tu.

Wakati huohuo njia nyepesi zaidi ilikuwa inapata ushahidi. Mwaka 2013 huko Denmark ulianzishwa mpango uitwao GLA:D, ambao leo umeenea katika nchi nyingine, zikiwamo Kanada na Australia. Mgonjwa hufundishwa kwanza ugonjwa wake, kisha hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa muda wa majuma sita, akiangaliwa na mtabibu wa viungo. Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, iliyaweka mazoezi na kupunguza uzito mbele ya vidonge. Hakuna anayedai kwamba mazoezi huliotesha upya gegedu lililopotea. Yanachofanya ni kupunguza maumivu na kumrudishia mtu uwezo wa kwenda atakako.

Kuhusu uzito, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ambayo mgonjwa mnene anaipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Mwenye kupunguza kilo tano, basi, amelitua goti lake mzigo wa kilo ishirini, na hatua za siku moja ni maelfu.

"MIMI SI KURUTA WAKO"

Tulimpeleka mama kwa mtabibu wa viungo. Alimpima, kisha akamwambia ainuke kitini bila kutumia mikono. Hakuweza. Mtabibu akatugeukia, akasema goti lile halikuhitaji kustareheshwa, bali kupewa kazi inayolitosha.

Tulirudi nyumbani tumejaa ari, na hapo tukafanya kosa la pili. Kesho yake alfajiri tulimwamsha mama, tukasimama na saa mkononi, tukamteremsha mpaka barabarani na kumpandisha tena, huku tukihesabu hatua kama tulivyozoea katika kwata. Jioni goti lilikuwa limevimba. Siku mbili hakutoka kitandani. Siku ya tatu akatuambia kwa upole uliotuchoma kuliko karipio, "Mwanangu, mimi si kuruta wako."

Tuliona haya, na kwa haki. Hata huko Kabamba, kunakofunzwa maafisa wa jeshi, hakuna mkufunzi mwenye akili anayempeleka kuruta matembezi marefu na mzigo kamili siku ya kwanza. Huanza na njia fupi bila mzigo, akaongeza kidogo kidogo, na mguu ukivimba humpunguzia. Kanuni tuliyofundishwa kwa ajili ya vijana wenye nguvu tuliisahau mbele ya mama mwenye miaka sitini na ushei.

Tulirejea kwa mtabibu. Safari hii hakutuuliza sisi, alimuuliza mama, "Unataka miguu hii ikufikishe wapi?" Mama akajibu bila kusita, "Nataka kufika tuta la tatu, nipande maharage yangu kwa mkono wangu." Mtabibu akaandika. Tokea siku ile mazoezi yalikuwa ya mama, si yetu.

MAZOEZI YENYEWE

Ajabu ni kwamba chombo cha kwanza cha mazoezi kilikuwa kiti kile kile. Waliongeza mito ili kiwe kirefu, mama akawa anainuka na kuketi polepole mara tano, anapumzika, kisha mara tano tena. Ilipokuwa rahisi, mto mmoja uliondolewa, halafu wa pili, na hesabu ikafika kumi. La pili ni kukaa kitini, kunyoosha mguu mbele, kukaza msuli wa paja, kuhesabu mpaka tano na kuushusha. La tatu ni kushika mwimo wa mlango na kujiinua kwa vidole vya miguu. Haya yalifanywa siku tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika ikiwa katikati.

Kutembea kulikuwa kwa kila siku. Siku za mwanzo alikwenda dakika tano tu, mpaka mkalitusi ulio kando ya njia, na kurudi. Kila juma iliongezwa dakika moja au mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, hushauri watu wazima, pamoja na wenye maradhi ya kudumu, wafikishe dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Lakini husema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Kwa hiyo mwenye dakika tano asijidharau. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, maumivu yakija? Swali hili ndilo linalowatia watu hofu, nalo lina jibu. Mgonjwa na ayapime maumivu kwa hesabu ya sifuri mpaka kumi. Yakiwa hayazidi tano wakati wa mazoezi, na kesho yake yakawa yamerudi kiasi cha kawaida, hakuna kilichoharibika, aendelee. Yakizidi, au yakiwa bado ni makali kesho yake, asiache mazoezi, bali ayapunguze. Kuumwa kidogo katika ugonjwa huu si alama kwamba kiungo kinavunjika.

WAJIBU WA MSAIDIZI

Sasa tunafika kwenye shabaha ya makala hii, maana mgonjwa hupona moyo au huvunjika moyo kwa jinsi wenzake wanavyomtendea.

Kwanza, tumpunguzie mzee kazi, tusimnyang'anye. Kijana wetu wa maji hatukumfukuza. Yeye huchukua jerikani la lita ishirini, na mama huchukua kidumu cha lita tatu, wakaenda pamoja. Mzigo mkubwa umemwondokea mama, lakini njia ya bondeni imebaki yake. Shambani apewe jembe lenye mpini mrefu na kigoda cha kukalia anapopalilia, asilazimike kuinama au kupiga magoti muda mrefu.

Pili, tumwondolee vikwazo vya nyumbani. Choo cha kuchuchumaa ni adui mkubwa wa goti lenye ugonjwa. Kiti cha mbao chenye tundu na gogo imara la kushikia hutengenezwa na seremala wa kijiji kwa nusu siku. Na katika sehemu ambazo heshima ni mwanamke kupiga magoti anaposalimu, kama ilivyo Buganda, sisi tunaosalimiwa ndio tuwe wa kwanza kumwambia mama mwenye magoti mabovu, "Tafadhali, tusalimiane ukiwa umesimama." Heshima haitapungua.

Tatu, tuwe wenzi wa njiani na si wasimamizi. Anayetembea na mzee aende kwa mwendo wa mzee. Kama anatumia mkongojo, aushike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalomuuma zaidi. Wengi huushika upande ule ule, na faida yake hupungua.

Nne, tubadili salamu zetu. Zamani tulipopiga simu tuliuliza, "Mama, umepumzika?" Siku hizi huuliza, "Mama, leo umefika wapi?" Tofauti ni ya maneno machache, lakini la kwanza linamtaka akae na la pili linamtaka ainuke.

Tahadhari nazo hazina budi kutolewa. Vidonge vya kutuliza maumivu kama vile diklofenaki na aibuprofeni visimezwe kila siku kwa mazoea ya kununua dukani. Huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au pakiwa na homa, au baada ya kuanguka mgonjwa asiweze kuukanyagia mguu, hapo si mahali pa mazoezi. Apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwenye maradhi ya moyo aonane na daktari kabla ya kuanza. Na wako ambao kiungo kimeharibika kiasi kwamba wanahitaji kuwekewa cha bandia. Hata hao, nguvu za misuli walizojijengea kabla ya operesheni na baada yake ni akiba yao.

TUTA LA TATU

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mama amepona. Magoti yake bado humuuma, na ziko siku ambazo hufika mkalitusi akarudi. Mwezi wa Mei 2022 aliteleza matopeni, akakata tamaa kwa majuma mawili, na ilibidi aanze tena na mito juu ya kiti. Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule ule, mvua zilipoanza, alitupigia simu asubuhi. Hakusalimu. Alisema tu, "Niko tuta la tatu," na nyuma ya sauti yake tulimsikia kijana wa maji akicheka.

Majirani wawili, akina mama wa rika lake wenye magoti ya aina hiyo hiyo, walipomwona akipita walimuuliza dawa aliyotumia. Tangu hapo wao watatu hutembea pamoja kila Jumamosi mpaka mkalitusi na kuupita, na aliyechelewa hungojwa. Wamejiita engozi ya miguu. Jina hilo limetufundisha mengi. Wazee wetu waliunda vyama vya kumbeba mtu asiyeweza kwenda. Nasi hatuna budi kuunda vyama vya kwenda na mtu kabla hajafika hali ya kubebwa. Havihitaji fedha wala bendera. Vinahitaji watu wawili au watatu, njia, na subira.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likizo yako ikifika na ukamkuta mzazi wako kitini, usianze kwa kumletea mto mwingine. Muulize ni wapi angependa miguu yake imfikishe. Kisha mpe mkono ainuke, na mwende pamoja, japo ni mpaka mti ulio kando ya njia.

Kiti kile tulichokinunua bado kipo barazani Kabale. Mama hukikalia jioni, akitoka shambani.